Nishani ya Mfua Nguo wa Debre Birhan

Hapa kwetu Debre Birhan aliishi mfua nguo aliyeitwa Tewabech. Miaka yote mitano ya utawala wa Mtaliano alifua mashati ya maofisa wake, mikono ikimchubuka kwa maji ya baridi. Mtaliano alipofukuzwa, watu hawakumsamehe. Tulimwita Sabuni ya Mtaliano.

Basi ilipokuja barua kutoka Addis Ababa ikimwita akapokee nishani ya wazalendo waliompinga Mtaliano, mtaa mzima ulishangaa. Aliyekereka zaidi ni jirani yake Askale, mjane. Mumewe, Wondirad, aliyekuwa akiuza samadi kavu ya kuwashia moto, alinyongwa na Mtaliano sokoni, na hatukujua kwa kosa gani.

"Nishani ya nini? Ya kutoa povu?" Askale aliuliza mbele yetu, tukinywa kahawa.

"Kunywa, mwenzangu, itapoa," Tewabech akajibu.

Akaenda, akarudi na nishani kifuani. Siku mbili Askale alibisha hodi kwake, leo chumvi, kesho ungo. Siku ya tatu alinikuta pale nikikaanga buni. Hakuomba kitu.

"Bi Tewabech, niambie. Mume wangu alikuwa habanduki mlangoni kwako. Nimekuchukia miaka yote kwa hilo."

Tewabech akaketi. "Alifuata habari, Askale. Maofisa wakidai nguo zao hata mbichi, najua kesho wanatoka. Wakileta makoti mazito, wanapanda mlimani. Namwambia Wondirad, anapakia samadi juu ya punda, anawapelekea habari wapiganaji. Walipomkamata hakunitaja."

"Mbona hakuniambia mimi, mkewe?"

"Aliniapisha kwa Mariamu. Alisema, 'Askale wangu namjua. Siri kwake ni maji kwenye pakacha.'"

Askale akacheka, machozi yakimtoka. "Mshenzi yule! Lakini hakukosea. Na vita vilipokwisha?"

"Hukuwa ukinisalimia ila kwa kejeli. Ningeanzia wapi?" Akamshika mkono. "Addis nimeandikisha jina la Wondirad. Wanamtaka mjane wake aende kupokea nishani yake."

Wiki iliyofuata walipanda lori pamoja. Askale alirudi na nishani ya mumewe, akaivaa kila sikukuu. Ukimuuliza, anakusimulia tangu mwanzo, na kila mara anaongeza kidogo. Mara ya mwisho nilipomsikia, hata punda alikuwa amepigwa risasi mbili, na Tewabech alikuwa kando ya Askale, ametulia, anaitikia, "Ndiyo, mbili."