Unga Usiopungua

Gari letu liliharibikia mbele ya shule nisiyoijua, na mwalimu mkuu akanikaribisha nisubiri ofisini. Kabla sijamaliza maji aliyonipa, alikwishanieleza anayemshuku kwa wizi: mtunza maabara, ambaye wanafunzi humwita Mama Miwani. Miaka kumi na minane iliyopita tindikali ilimrukia, ikamla nyusi moja. Tangu hapo hakuna avukaye mlango wake bila miwani ya kinga, hata mkaguzi.

Hoja ya mkuu ilikuwa hii. Peroksidi iliisha kila muhula, lakini unga mweusi wa manganisi, unaotumika nayo katika somo la vichocheo, haukupungua miaka mitatu. Basi majaribio hayafanywi. Peroksidi hung'arisha nywele, na mdogo wake Mama Miwani ana saluni. Barua ya kumfukuza ilikuwa tayari mezani. Mimi, mgeni wa nusu saa, nilikwishamtia hatiani.

Tukamfuata maabara. Mkuu akamweleza hoja yake. Mama Miwani akatugawia miwani, akavaa glavu, akasimamisha plastiki ngumu kati yetu na chupa. Akapima unga: gramu mbili. Akaizimua peroksidi kwa maji mengi, akaimimina kidogo kidogo. Povu likapanda, mvuke ukafuka. Kijiti kilichozimwa kikabaki na kaa la moto tu, alipokiingiza chupani, kikawaka tena.

"Kiinimacho," mkuu alininong'oneza.

"Subiri, mkubwa. Kesi yako haijakauka," alisema Mama Miwani.

Akauchuja ule unga, akausuuza, akautia kwenye oveni. Tukingoja, alieleza kwamba kichocheo huharakisha kazi lakini chenyewe hakiliwi. Kila baada ya kipindi yeye huuokoa hivyo, maana ukiagiza mwingine utausubiri mwaka. Ulipokauka akaupima, akatoa uzito wa karatasi ya kuchujia. Gramu mbili kasoro chembe.

Mkuu akaigusa mizani kwa kidole, kama anayemwamsha mtu aliyejisingizia usingizi. Kisha akauliza: na hiyo saluni, inatumia nini?

Mama Miwani akavua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Mdogo wangu anasuka tu, mwalimu. Hata siku moja hukuuliza." Akaweka funguo kando ya mizani. "Ile barua usiichane. Naipitia ofisini mwenyewe."

Akatoka. Kengele ikalia, na darasa zima likajipanga mlangoni kungoja miwani. Mkuu, bado amevaa yake, akanigeukia, akaniuliza kama kwa bahati ninajua kemia kidogo.