Kipindi cha Mwisho cha Hesabu

Enzi zetu, sisi tuliosoma katika vijiji vya ujamaa huko Handeni, kengele ya shule ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkwaju, na ikigongwa hata mbuzi walijua ni saa ngapi. Tulikwenda pekupeku, tumboni tuna bada, ule ugali wetu wa muhogo, na mboga ya mchunga iliyolala. Wakati wa mapumziko tulicheza rede mpaka vumbi jekundu likatuingia masikioni. Jioni tulilima shamba la shule tukiimba. Watoto wa siku hizi, ambao bomba likikauka nusu saa hununa kama wamefiwa, ukiwasimulia hayo wanakutazama kama unawatungia hadithi.

Maji kwetu yalikuwa mbali, kwenye lambo nyuma ya kilima. Na maji ya nyumba za walimu yalikuwa kazi ya wasichana. Sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kuipanga, tuliikuta hivyo. Ikifika saa sita tulifunga madaftari, tukajitwika ndoo, wavulana wakabaki. Kipindi cha mwisho kilikuwa cha hesabu. Tuliporudi, ubao ulikuwa umefutwa. Mitihani ilipokuja tulishika mkia, na mwalimu wa hesabu alitufariji, kwa huruma kabisa, kwamba vichwa vya wasichana havikuumbiwa namba. Wengi wetu tulimwamini.

Dada yangu Zaina hakumwamini. Yeye alikuwa darasa la saba, mimi la tano. Baba alimpenda sana, lakini alikwisha kutoa neno lake: "Mwanangu, ukifaulu nitakupeleka sekondari. Hesabu zikikushinda, baada ya mavuno unaingia ndani, uwe mwali kama wenzako, tungoje mchumba." Na mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu.

Siku moja katika somo la siasa, mwalimu mkuu, mtu mwembamba mwenye sauti nene, aliwafundisha darasa la saba kwamba katika ujamaa hakuna anayemenyeka juani ili mwenzake akae kivulini. Akauliza nani ana swali. Siku zile hilo halikuwa jambo la kuitikiwa; lilikuwa namna ya kumaliza somo. Zaina akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Ujamaa unaishia saa ngapi? Maana sisi wasichana ikifika saa sita tunatoka nje, na hesabu zinabaki kwa wenzetu."

Darasa zima lilijikunyata likingoja fimbo. Sisi wa chumba cha pili tulisikia kila neno kupitia ukuta wa udongo. Mwalimu mkuu akamwambia akae. Asubuhi yake, gwarideni, alitangaza kwamba maji yatachotwa baada ya vipindi vyote, na kwa zamu, wiki ya wasichana na wiki ya wavulana.

Lo, wiki ile ya wavulana! Walikwenda lamboni kwa mbwembwe, wakajaza ndoo hadi ukingoni, wakajitwika bila ngata kichwani. Kina mama waliokuwa wakifua waliwapokea kwa vigelegele: "Karibuni, wanawali wetu, nani kawacheza unyago?" Walirudi wamelowa hadi magotini, ndoo zimebaki nusu. Zaina akavunja kijitawi cha majani, akakiweka kielee juu ya maji. "Yawekeeni hiki yatulie, kaka zangu. Sisi tulidhani mnajua kila kitu."

Mzee mmoja alikuja juu, akilalamika kwamba mwanawe amegeuzwa mwanamke. Mwalimu mkuu akamkaribisha kiti, akamwuliza kwa upole, "Mzee wangu, mwanao maji anakunywa?" Mzee akaitikia. "Basi na ayabebe."

Zaina alizishika hesabu kama mtu aliyekuwa na njaa nazo. Aliandika kanuni kwa mkaa ukutani jikoni, mama akigomba, kisha akiacha. Majina ya waliofaulu yaliposomwa, lake lilikuwamo. Baada ya mavuno baba alifunga sanduku la bati kwenye baiskeli, tukaisukuma mpaka Segera kulipata basi la Korogwe. Kila tuliyesalimiana naye njiani alielezwa, hata asiyeuliza, kwamba huyu anakwenda sekondari, na kilichompeleka ni hesabu.

Leo pale shuleni pana bomba uwanjani. Nazitamani bado siku zile, nyimbo za shambani na vumbi la rede, na vijana wa sasa sijui watakumbuka nini zaidi ya simu zao. Lakini juzi nilipomsimulia binti yangu habari za kipindi cha mwisho, aliacha kula, akanikazia macho. "Sasa mama, mlikuwa mnakubalije?"

Kwake jambo lile halikuingia akilini hata kidogo, na mimi nikamsogezea sahani yake, nimefurahi kwamba ni hivyo.