Aliyempiga Mbweha wa Ansab

Habari ya kifo chake niliipata Darsait, hapa Maskati, nimekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya karakana ya fundi anayeshona viti vya magari. Aliyenipigia simu ni mkwewe, mume wa binti yake wa Sib, na hakuwa na maneno mengi: mzee ametangulia baada ya sala ya alfajiri, atazikwa adhuhuri, kama naweza kuwahi nije. Gari yangu ilikuwa imeshavuliwa viti vyote, imebaki usukani tu, basi nikaiacha pale pale na kuchukua teksi. Niliwahi. Makaburini hatukuwa wengi, maana siku ilikuwa ya kazi, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kujulikana. Jina lake sitolitaja. Wasomaji wa safu hii wamenizoea kwa hilo, na nina hakika yeye angependa iwe hivyo.

Alizaliwa Unguja, shamba, akaja huku Omani kijana mwanzoni mwa miaka ya sabini, kama wazee wetu wengi. Akaingia jeshini, akatumikia mpaka akastaafu, akajenga Ansab wakati Ansab yenyewe bado ni nyumba za kuhesabika na vumbi. Mimi nilihamia mtaa ule katikati ya miaka ya tisini, nikamkuta jirani. Alikuwa mrefu, mkimya, akipenda kupiga kanzu zake pasi mwenyewe ingawa wanawe walikuwa wakubwa na nyumbani kulikuwa na msaidizi. Visa vya jeshi hakusimulia hata ukimchokoza. Nilimwita ami, naye akiniita mwanangu, na kwa muda mrefu ujirani wetu haukuvuka salamu, kahawa na habari za maji kutoka bombani. Kilichonifanya nimjue hasa ni mbweha.

Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na wadi, yaani bonde la mto ambao mwaka mzima ni mawe na changarawe, na ng'ambo yake vilima vitupu. Mbweha walikuwako huko tangu zamani. Tuliwaona kwa mbali jua linapochomoza, wadogo, wembamba, masikio makubwa, wakirudi vilimani kama watu waliotoka kazini. Hakuna aliyewajali mpaka nyumba zilipoongezeka, na takataka na mabanda ya kuku yakaongezeka nazo. Msimu mmoja wa baridi wakaanza kuvuka wadi na kuingia mtaani. Kwa jirani mmoja waliua kuku wote wa banda na kuondoka na mmoja tu. Kwa mwingine walichukua bata. Lakini aliyepata msiba hasa ni bibi mmoja wa nyumba ya pembeni kabisa, karibu na wadi, mjane mwenye asili ya Pemba, aliyefuga mbuzi.

Inafaa nieleze mbuzi wale walikuwa na maana gani kwake. Mumewe alipofariki, wanawe walimtaka ahame, akakae nao ghorofani Ruwi, mjini, karibu na hospitali, karibu na wajukuu. Walimtaka kwa mapenzi, sisemi vingine. Yeye hakutaka kuiacha nyumba aliyoijenga na mumewe, na kila walipokuja kumshawishi aliwajibu kwamba ana mbuzi, na mbuzi hawapandi lifti. Wanawe walicheka, wakaondoka, wakarudi mwezi mwingine. Sasa mbuzi wake walikuwa wamezaa, na vitoto vyao vikaanza kuonekana asubuhi vimetobolewa shingo, au visionekane kabisa. Mwanawe mkubwa alikuja, akatazama zizi, akasema kwa upole kwamba labda sasa ndiyo wakati. Bibi yule alinambia baadaye kwamba usingizi ulimpaa kwa ajili ya neno lile, "labda", kuliko kwa ajili ya mbuzi wenyewe.

Tulilizungumza jambo hili barazani baada ya alasiri, siku baada ya siku. Kulikuwa na waliotaka sumu: unaipaka kwenye nyama, unaitupa kando ya wadi, umemaliza kazi. Kulikuwa na waliotaka kuleta mbwa kutoka mashamba ya Batina, wawafukuze mbweha mpaka vilimani, na hao naona walitaka tamasha zaidi kuliko dawa. Mwingine alisema tupeleke habari baladia, kwa watu wa manispaa, na tusubiri. Na kulikuwa na kijana mmoja mhandisi, aliyezaliwa hapa hapa Maskati na kusoma ng'ambo, aliyesema sisi ndio tuliowavamia, wadi ni yao, na mtu asiyetaka mbuzi wake waliwe na ajenge zizi la maana. Alisema kweli, ila aliisema kama mtu asiyefuga hata kuku, na wazee wakamkatiza. Marehemu alikuwa amekaa na kikombe chake. Mwishoni alisema yeye sumu haitaki. Itakula mbwa, itakula kunguru, itakula mbuzi yule yule tunayemlinda, na aliyeitega atakuwa nyumbani kwake anakunywa chai. Kama lazima mnyama afe, alisema, basi na afe mbele ya aliyemuua. Akaahidi kwenda kuomba ruhusa panapohusika, na akipewa atafanya mwenyewe, kwa bunduki yake.

Akapewa. Alinitaka nifuatane naye, nadhani kwa sababu tu nyumba yangu ilikuwa mkabala na yake na taa yangu iliwaka mapema. Tulisali alfajiri, tukashuka mpaka ukingo wa wadi, tukakaa nyuma ya ukuta wa zizi la bibi yule. Hatukungoja sana. Mbweha alikuja akinusa ardhi, bila wasiwasi, mwanga ukiwa umeshaanza kupambanua mawe. Risasi ilikuwa moja. Marehemu aliweka bunduki chini, akenda, akachutama, akamgeuza yule mnyama kwa mkono wake. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumpongeza. Akanionyesha tumbo. Alikuwa jike, na chuchu zake zilikuwa zimejaa, manyoya ya pembeni yamelowa na kusuguka kwa kunyonywa. "Ana watoto," alisema, na tukamfukia.

Mtaa mzima ulifurahi. Bibi yule alituma sinia la mkate wa kumimina, na barazani watu walimshika mkono marehemu kama aliyerudi vitani. Yeye aliitikia, akatabasamu inavyopasa, na kila asubuhi na kila jioni akawa haonekani. Nilidhani anajificha na sifa. Kumbe alikuwa anapanda vilima kulitafuta pango la wale watoto. Alilipata chini ya jabali ng'ambo ya wadi, akaja kunichukua twende nikaone. Vilikuwa vitoto vinavyoweza kutembea, vimekonda, vimekaa mdomoni mwa shimo vinatazama upande ule mama yao alikokuwa akitokea. Bunduki alikuwa nayo begani. Aliniambia amekuja nayo jana pia, na akarudi nayo. "Mwanangu," alisema, "nikiwapiga nimemaliza. Nikiwaacha, wanakufa njaa kidogo kidogo na mimi nnakula mkate wa watu. Hili la tatu ndilo sijui kama ni halali kwa jirani."

Hilo la tatu lilikuwa kuwalisha. Na ndilo alilofanya. Akawa anakwenda suku ya Sib, sokoni kwa wauza kuku, anachukua vichwa na matumbo ya kuku ambayo wauzaji huyatupa, anayabeba kwenye ndoo yenye kifuniko, anayamwaga mbali na pango ili vitoto vile visizoee harufu ya mtu. Sikuwa na hakika kama ninamwona mtu mwema au mtu aliyechanganyikiwa, na nilimwambia hivyo kwa lugha ya adabu. Akanijibu kwamba hata yeye hana hakika. Ila jambo moja alikuwa na hakika nalo: bibi yule lazima aambiwe, na lazima aambiwe naye mwenyewe.

Tulikwenda wote. Bibi alitukaribisha uwani, mbuzi wake wakitafuna majani makavu pembeni, akidhani tumekuja kwa salamu. Marehemu hakukaa.

"Dada," alisema, "nnakuja kukwambia mwenyewe kabla hujaambiwa na watu. Yule niliyempiga alikuwa na watoto. Nimewaona. Nnawapelekea chakula mpaka waweze kujitafutia."

Bibi alitaka arudie, akarudia.

"Ulisema utaniondolea mbweha," alisema. "Sasa wewe unanilelea?"

"Ndiyo."

"Na wakikua, watakwenda kula kwa nani?"

"Kwako hawatakula. Nipe ruhusa nijenge zizi."

Alimpa ruhusa kwa kuingia ndani na kufunga mlango. Kazi ile marehemu aliifanya kwa mikono yake, nami nikimsaidia siku za mapumziko. Alichimba msingi kuzunguka zizi zima, akazika wavu wa chuma ndani ya ardhi kiasi cha urefu wa mkono, kwa kuwa mbweha huchimba. Akapandisha ukuta, akafunika juu kwa wavu mwingine, akatia mlango wenye komeo ambalo bibi angeweza kulifunga kwa mkono mmoja. Bibi alikuwa akitutazama dirishani. Wanaojua nyumba zetu watanielewa nikisema kwamba siku zote zile hatukuletewa hata gilasi ya maji. Marehemu alikuja na maji yake kwenye birika, akanywa kivulini, akaendelea. Zizi likamalizika, na tangu hapo bibi yule hakupoteza mbuzi hata mmoja kwa mbweha. Wanawe walipokuja tena, mwanawe mkubwa alilitikisa lile komeo, akatikisa wavu, akarudi Ruwi bila kusema "labda".

Ningependa kuandika kwamba hapo mambo yakatulia, lakini hayakutulia. Mwaka uliofuata jirani mwingine alipoteza kuku wake, na barazani jina la marehemu likawa linatajwa kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya juu. Hakuna aliyejua kama ni wale aliowalisha au wengine. Mbweha hawaachi kitambulisho. Yeye hakubishana. Alikwenda kwa yule jirani na koleo lake na wavu wake, akamjengea banda. Halafu akamjengea na wa pili. Watu wawili watatu waliacha kumwitikia salamu, na mmoja alisema mbele yake kwamba mzee anapanda ugonjwa ili auze dawa, ingawa hakumwuzia mtu kitu. Niliona uso wake ulivyobadilika siku ile. Alimaliza kahawa yake, akaaga, akaondoka.

Miaka michache baadaye, dishi la satelaiti likiwa limeshaingia kila nyumba, tulikuwa barazani tunatazama habari. Waingereza walikuwa wakiandamana Landani kwa maelfu, upande huu wanaotaka kuwinda mbweha kwa farasi na mbwa kama walivyowinda babu zao, upande ule wanaotaka mchezo huo upigwe marufuku. Baraza lilicheka sana. Watu wazima wenye bunge na makoti, wanagombana kwa ajili ya mbweha! Mhandisi wetu alichukua upande wa wanaopinga, mzee mmoja akachukua upande wa wakulima wanaoliwa kondoo wao, na kwa muda Ansab nzima ikawa Landani. Mtu akamwuliza marehemu yeye yuko upande gani. Alifikiri, akasema hajui ya Waingereza. Alichotaka kujua ni kitu kimoja: mbwa wakishamaliza na farasi wakirudishwa zizini, nani anakwenda kutazama pangoni? Mazungumzo yakahamia kwenye mpira.

Nimelifikiri sana swali lile, na si kwa ajili ya wanyama peke yao. Maskati niliyoikuta katikati ya tisini na Maskati ya leo ni miji miwili. Sehemu ya wadi yetu imemwagiwa lami, vile vilima vimekatwa kupitisha barabara, na kote ninakopita naona kazi zilizofanywa kwa haraka na kwa sifa. Mtu anasimamia jambo gumu ambalo labda lilikuwa la lazima, anapigiwa makofi, anahamishiwa cheo kingine. Mfanyakazi anafukuzwa, mpangaji anaondolewa, kijiji kinahamishwa, na kwa kila uamuzi kuna sababu nzuri iliyoandikwa vizuri. Sisemi maamuzi hayo ni mabaya. Marehemu hakusema kumpiga yule mbweha kulikuwa kosa. Hadi anahamia Sib kwa binti yake, nilipomwuliza, alisema angempiga tena. Ila alijiona anadaiwa na kile kilichobaki baada ya risasi, na akalipa kwa mgongo wake, mbele ya watu waliodhani amepungukiwa akili.

Katika tanga la Sib nilimkuta bibi yule. Ameletwa na mwanawe mkubwa; yeye ni mzee sana sasa, anatembea kwa kuegemea bega la mtu, lakini bado anaishi nyumbani kwake Ansab. Jamaa wa marehemu walikuwa wamekwisha kutangaza, kama ilivyo ada, kwamba mwenye haki yake kwa maiti ajitokeze au asamehe. Nilikwenda kumpa mkono wa pole uwani, akanivuta nikae.

"Mimi nilimkasirikia mpaka leo asubuhi," alinambia. "Kulea mbweha na mimi nna mbuzi, si jambo. Lakini alikuja akanambia usoni. Watu wangapi wamenifanyia mema na wasinambie yote?" Alifuta macho kwa ncha ya buibui. "Nimemsamehe. Na msamaha wake yeye, kwa ile kiu niliyomwacha nayo uwani kwangu, nimwombe nani sasa?"

Ninachoondoka nacho ni hiki: kazi ngumu haimaliziki pale watu wanapoanza kushangilia, na anayeifanya kwa niaba yetu ana haki walau ya gilasi ya maji, hata siku tusiyokubaliana naye, na hasa siku hiyo.