Kichwa cha Kuku wa Karamu ya Hengyu

Alfajiri, upepo wa mji wa Hsinchu unapiga madirisha, na Tseng Hsiu-chin amekwisha kuosha mchele wa kiwanda kizima. Ana miaka hamsini na minane. Anakata vitunguu vya majani bila kutazama kisu, huku akimgombeza msichana wa zamu aliyechelewesha uji.

"Wahandisi wa usiku wakitoka na njaa, watakula wewe!"

"Shangazi, mimi ni mifupa mitupu."

"Basi tutakutia kwenye supu."

Kampuni ya Hengyu hutengeneza vile vipande vidogo vinavyoendesha simu. Shangazi A-chin, kama anavyoitwa na wote, havijui wala hataki kuvijua. Yeye amewapikia wakurugenzi wakuu watatu, basi. Mwanzilishi alipenda pilipili. Wa pili, Bwana Shih, kwa miaka kumi na miwili alikula uji na yai la chumvi hapo mlangoni pa jiko, akiwa amesimama. Wa tatu ni Bwana Lu, aliyekulia ng'ambo, na huyo nusura amtoe roho.

Ilikuwa mwaka jana, kwenye karamu ya kufunga mwaka, usiku ambao Bwana Shih alimkabidhi Bwana Lu kiti. Uvumi ulikuwa umezagaa kwamba bosi mpya atafunga jiko na kuagiza chakula kutoka nje. Nyumbani, mume wa A-chin amepooza upande mmoja. Mshahara wa jikoni ndio chakula chao, ndio dawa.

Bwana Shih alimwita A-chin akae meza kuu. Kuku mzima akaletwa na kichwa chake. Kwa desturi ya karamu hii, mtu ambaye bosi anamwelekezea kichwa cha kuku ajue kwamba mwaka mpya hana kazi. Siku hizi ni utani, lakini hakuna anayecheka kichwa kikimtazama yeye. Ndiyo maana mwanzilishi alikuwa akikigeuzia kwake mwenyewe kabla mtu hajashika vijiti, na Bwana Shih akafuata hivyo hivyo.

Bwana Lu alitaka samaki. Akasukuma kibao kinachozunguka katikati ya meza. Samaki akamfikia, kibao kikasimama, na kichwa cha kuku kikamtazama A-chin.

"Ukumbi mzima umenigeukia," anasimulia. "Bosi mpya anachambua miiba tu! Nikasema moyoni, haya, nimefukuzwa, tena kwa kuku niliyemchemsha mwenyewe. Nikavuta bakuli, nikajaza mdomo supu."

Bwana Shih akainuka. Akakishika kibao, akakizungusha taratibu mpaka kichwa kikamwelekea yeye.

"Kuku huyu amekosea mtu," alisema. "Anayeondoka leo ni mimi."

Akakivunja kichwa, akakila. Watu walicheka, wengine wakafuta macho. Bwana Lu alibaki akimuuliza jirani yake kuna nini.

Asubuhi yake Bwana Lu alishuka jikoni, uso umemwiva kwa aibu.

"Shangazi, jana nilikufukuza?"

"Mbele ya watu wote, bosi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Mdomo ulijaa supu."

Alikiri kwamba kweli alikuwa ameulizia bei za chakula cha nje. Akasema ameliacha wazo hilo. A-chin hakumwamini mpaka alipopewa mkataba mpya, na hilo halifichi.

"Lakini asubuhi ile aliomba uji," anasema, sauti ikishuka. "Akaula amesimama, hapo hapo mlangoni. Hakuna aliyemwambia."

Karamu ya mwaka huu ni wiki ijayo. Bwana Lu amekwisha kuja mara mbili kuuliza kuku atawekwa upande gani.

A-chin anataka kufanya kazi miaka michache zaidi, kisha arudi nyumbani akae na mumewe mchana, saa ambazo hawajawahi kuwa pamoja.

"Siku hiyo ikifika nitakaa meza ile ile," anasema, akifunika sufuria. "Na kibao nitakizungusha mwenyewe, kichwa kinitazame. Asinisaidie mtu."