Keki Iliyokataa Kisu

Hii habari ya keki nilipanga nizikwe nayo, lakini kwa kuwa wifi yangu Zuhura keshaisimulia mtaa wetu wote wa Ng'ambo (na chumvi anaongeza, eti kisu kilivunjika), bora mwenyewe niiseme.

Miaka sita ya ndoa, mama mkwe hakuwahi kuniachia keki ya wageni. Chai nachemsha, vyombo naosha, ila keki anapima yeye, kwa kikombe chake cha bati kilichong'oka mkono, unga vikombe kumi, sukari vinne, kisha mkaa juu na chini. Basi watu wa Kwihara wakatuma habari kwamba wanakuja kumposa Zuhura, na mama goti limemkamata hainuki, akaniambia, "Mwanangu, safari hii pika wewe." Nilifurahi jamani! Na kwa kutaka aone kapata mkwe wa kisasa, nikakimbilia sokoni kununua mzani mdogo wa betri, maana kwenye simu wapishi wote wanapima kwa gramu (kikombe nikakiona ushamba).

Sasa gramu ngapi? Nikajaza kile kikombe maji, nikapima, nikatoa uzito wa kikombe chenyewe (msinione mjinga kabisa), nikapata mia tatu. Nikaandika kwenye daftari: kikombe, gramu mia tatu. Unga mara kumi, kilo tatu! Sikujiuliza hata kidogo kama unga na maji vina uzito mmoja. Mwiko ukasimama wenyewe ndani ya sufuria, mchanganyiko kama udongo wa tofali, na mama akauliza toka chumbani, "Unga haujazidi?"

"Hapana mama, nimepima kwa gramu."

Wageni wakaja, shikamoo, marahaba, wakakaa, nami nikaiweka keki mbele ya baba mkubwa wa kijana anayeposa, mzee wa kanzu nyeupe pee. Nikakata. Kisu kikagoma. Nikakandamiza kwa mikono miwili, sahani ikateleza, ikagonga kikombe cha mzee, na chai yote ikaishia kwenye ile kanzu. Keki haikumeguka hata chembe.

Shangazi wa kijana akasema, wala hakupunguza sauti, "Ndivyo wanavyopika nyumba hii?" Nikamwona Zuhura pale mlangoni machozi yanamlenga, na nikajua posa ya watu naivunja mimi na mzani wangu.

Ndipo mama mkwe akatoka, anachechemea, kashika ukuta.

"Nisameheni wageni wangu, vipimo nilimpa mimi, uzee huu. Hii tutaila na maziwa. Mwanangu, lete mchi."

Uongo mtupu, lakini aliusema bila kupepesa macho. Tukaiponda kwenye kinu (naapa, kinu cha kisamvu), tukamwagia maziwa ya moto na asali ya miombo, ikalainika, na yule mzee, na kanzu yake mbichi, akaomba bakuli la pili. Posa ikapokelewa. Mimi nikaenda jikoni kulia.

Nilingoja anigombeze. Kesho yake aliniita tu, akajaza kikombe unga, akasawazisha kwa kidole, akakimimina mzanini.

"Nisomee, macho yangu hayaoni vitu hivi."

"Mia na sitini na tano, mama."

"Andika. Sasa sukari."

Tukapima kila kitu kilichomo jikoni, kimoja kimoja, hadi iliki, na hakuna viwili vilivyolingana. Tulipomaliza akanisogezea kile kikombe cha bati, akasema keki za nyumba hii sasa ni zangu. Baada ya aibu ile, jamani, ananipa kikombe!

Harusi ya Zuhura nilioka keki nne, zikakatika zote. Na nimeapa, sipimi tena unga kwa uzito wa maji, wala sitamdharau mtu kwa sababu ya kikombe kisicho na mkono. Mungu ampe umri mrefu mama yangu yule.