Fundi wa meza aliyenyamaza mbele ya refa

Saa mbili kasorobo asubuhi, viti vya ukumbi wa Preston bado ni vitupu. Gethin Prosser ameinamia meza namba tatu ya snuka, ule mchezo wa kuingiza mipira mashimoni kwa fimbo, pasi nzito mkononi, anaisukuma taratibu kutoka upande wa kuanzia hadi upande unaokaa mpira mweusi. Akifika mwisho anainyanyua, anarudi alikotoka, anaanza mstari mwingine. Hairudishi pasi kinyumenyume hata mara moja, kwa sababu manyoya ya kitambaa yakilala vibaya, mpira hupinda njiani.

"Wachezaji wakishinda husifu mikono yao," anasema bila kuinua kichwa. "Wakifungwa, wanauliza leo nani kapiga pasi."

Ana miaka hamsini na minne, mzaliwa wa Tredegar, kule Wales. Kwa miaka kumi na minane amekuwa fundi wa meza kwenye mashindano ya snuka ya viwango, yale ambayo kila ushindi humpandisha mchezaji kwenye orodha ya dunia na kila kipigo humshusha. Hulipwa pauni mia moja na sitini kwa siku, wiki kama kumi na sita kwa mwaka. Wiki zinazobaki hubadilisha vitambaa vya meza za klabu za mtaani. Fundi mwenzake, Barry Tunnicliffe, humwita Dobi na humuuliza kila asubuhi suti yake itakuwa tayari lini.

Nakiri kwamba nilikwenda Preston kuandika habari za pasi. Nilijua Gethin aliwahi kucheza snuka ya kulipwa, na siku ya pili nikamuuliza swali jepesi ambalo waandishi hupenda kuwauliza wachezaji wa zamani: ni mechi gani anayoikumbuka zaidi. Akachomoa pasi kwenye umeme, akakaa chini.

Ilikuwa miaka ishirini na mmoja iliyopita, mashindano ya mwisho ya msimu. Wachezaji sitini na wanne wa juu kwenye orodha ndio waliobaki na nafasi yao msimu uliofuata. Wengine walikwenda nyumbani. Gethin na Neville Ormerod wa Accrington walikuwa wote kwenye ukingo huo, na ratiba ikawakutanisha. Mechi hugawanywa katika michezo midogo iitwayo fremu, nao walifika tisa kwa tisa. Ikabaki moja ya kuamua.

Katikati ya fremu hiyo Gethin alijinyoosha juu ya meza kuufikia mpira mweupe. Kishikizo cha mkono wa shati lake kikagusa mpira mwekundu uliokuwa chini ya mkono wake. Ukasogea kidogo sana.

Kwenye mchezo huu, hiyo ni faulo, na mchezaji mwenyewe ndiye anayesimama na kumwambia refa. Hufanya hivyo hata kama hakuna aliyeona, hata kama ndiyo fremu ya maisha yake. Hakuna anayemsifu kwa hilo, kama vile mtu hasifiwi kwa kuitikia salamu.

"Refa alikuwa upande wa pili," anasema Gethin. "Neville alikuwa kitini, anakunywa maji. Nikajiambia nitasema nikishapiga huu. Nikapiga, ukaingia, watu wakapiga makofi. Nikajiambia basi baada ya unaofuata. Kila mpira ulioingia ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi."

Alifunga pointi arobaini na moja mfululizo, akashinda. Msimu ulipofungwa alikuwa wa sitini na tatu. Neville alikuwa wa sitini na sita.

Nilijikuta nimekasirika. Kwa siku mbili nilikuwa nimempenda mtu huyu, na sasa nilitaka kuondoka. Aliona usoni mwangu, akasema nina haki.

Nafasi ile haikumsaidia. Kila alipoinama kupiga, macho yalikwenda kwenye kishikizo cha shati badala ya mpira, na baada ya misimu miwili naye akaporomoka. Mkewe, Mair, alikuja kuambiwa miaka mingi baadaye. Alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba anampelekea habari mtu asiyehusika, aende kwa mwenyewe. Gethin hakwenda. Neville hakuonekana tena kwenye mashindano yoyote, na Accrington, anasema, ikawa mbali kuliko China.

Jumatano, baada ya mechi za mchana, Neville akatokea. Mwanachama mmoja wa klabu ya kwao alikuwa anacheza, naye alikuwa amekuja kumshangilia. Sasa ni fundi wa injini za mabasi, mwili umenenepa, nywele zimekwisha. Gethin alimwona kwenye foleni ya chai, akanishika mkono, akasema nisiondoke, maana nikiondoka atatafuta sababu ya kutosema.

Walikaa kwenye meza ya kona. Kati yao kulikuwa na vikombe viwili vya chai na pai moja ya viazi ambayo hakuna aliyeigusa.

"Nev, ile fremu ya mwisho," Gethin alisema. "Shati langu liligusa nyekundu. Nikakaa kimya."

Neville aliuliza nyekundu ipi. Gethin akachukua vipakiti vya sukari, akavipanga mezani kama mipira ilivyokuwa siku ile, akagusa kimoja kwa kidole. Neville aliviangalia. Kisha akasogeza pakiti moja kidogo kushoto.

"Nyeusi ilikuwa huku," alisema.

Nilitegemea ugomvi. Neville alizungumza polepole, kama mtu anayehesabu kitu upya. Alisema msimu ule wenzake walimsihi arudi kwenye mechi za mchujo wakati wa kiangazi, kwamba angepata nafasi bila shida. Alikataa. Aliiuza fimbo yake kwa jirani na kwenda kuomba kazi gereji.

"Unajua kwa nini?" alimuuliza Gethin. "Nilimwambia mke wangu, Jean, nimefungwa na Prosser, na Prosser mwenyewe si lolote. Kama siwezi kumfunga huyu, basi mimi si mchezaji, nijitafutie kazi ya watu."

"Samahani, Nev."

"Hiyo iweke kwanza. Ungenidhulumu fremu tu, ningekusamehe kabla chai haijapoa. Lakini mimi niliamini, bwana. Miaka ishirini na mmoja namwambia mke wangu kwamba sikutosha. Leo nikirudi nimwambie vingine, ataona najitafutia visingizio uzeeni. Njoo umwambie wewe. Jumapili, chakula cha mchana."

Akasimama, akavaa koti. Nilimkimbilia mlangoni kumuuliza kama naruhusiwa kuandika niliyoyasikia. Alisema niandike, ila nisimfanye Gethin mtakatifu. Nimejitahidi.

Jumapili ni siku ya fainali. Tangu aanze kazi hii Gethin hajawahi kukosa kupiga pasi meza ya fainali. Ndiyo siku pekee ambayo fundi huonekana kwenye televisheni, na kule Tredegar majirani humsubiri. Safari hii pasi ataishika Barry, ambaye ameacha utani kwa siku kadhaa sasa. Msimamizi alipouliza sababu ya ruhusa, Gethin alimweleza yote, mwanzo hadi mwisho, na bado hajajua kama msimu ujao ataitwa tena kazini.

Tiketi ya treni ya saa nne imo kwenye pochi yake. Hategemei kusamehewa, na anadhani huenda asikaribishwe hata kuketi. Anasema atasimama tu, haidhuru.

"Miaka yote hii yule mama ameishi na mtu anayejiona ameshindwa, kumbe aliyeshindwa si yeye," anasema. "Nataka asikie kwangu kwamba mumewe alitosha."