Nilikata Sentensi Moja, Mama Mdogo Akapoteza Wateja

Admin, naomba usiweke jina langu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita mwaka huu. Naishi mtaa wa Gerezani kwa mama mdogo, aliyenilea tangu niko darasa la pili. Yeye anawakaangia wateja samaki wao kwenye soko la Feri. Mimi si mtu wa kuongea, hata salamu yangu watu huuliza kama nimesema kitu. Kuandika ndiyo naweza.

Baada ya mitihani, jirani yetu mmoja, nimwite Dada R, aliniomba nimsaidie kubandika karatasi kwenye chupa. Ndiyo kwanza ameanza kazi ya utafiti, na alikuwa anachunguza mafuta ya kukaangia pale Feri, yanarudiwa mara ngapi na yanakuwaje. Wakaangaji walimkatalia. Nikampeleka kwa mama mdogo, naye akamchotea bila maswali. Alisema mtoto wangu akikuleta, umefika. Wenzake walipoona ametoa, nao wakatoa.

Kisha watafiti wachanga wakaandaliwa mafunzo ya siku tatu Kariakoo, ghorofani juu ya maduka ya vitenge, wajifunze kuandika sayansi ili mtu wa kawaida aelewe. Dada R akaniombea nikae nyuma. Mwalimu alitaka tuanze na mtu, si na namba, na maneno yasizidi mia tatu. Watafiti walihangaika, kila sentensi ina "huenda" tatu. Dada R akanisukumia daftari. "Hebu jaribu wewe, unawajua wakaangaji."

Nikaandika kuhusu mama anayenusa mafuta kabla ya kutumbukiza samaki wa kwanza, na anayeyachuja kila siku kwa kipande cha kanga kuukuu. Sikuweka jina. Halafu nikaeleza kilichoonekana, kwamba baadhi ya mafuta yalikuwa yametumika kupita kiasi. Mwishoni niliandika kwamba mafuta ya mama yule yalikuwa kati ya yale mazuri. Maneno yakazidi. Nikaikata sentensi hiyo. Dada R alikuwa na haraka, hakuona. Kusema kweli zilikuwepo nyingine za kukata, ila bila hiyo habari ilikuwa na nguvu zaidi. Mwalimu akaisoma mbele ya wote, wakapiga makofi. Nilijisikia vizuri. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli.

Ikatoka mtandaoni kwa jina la timu, ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Feri nzima wakajua ni nani. Siku ya pili mteja mmoja akamwambia mama mdogo, "Mama Kanga, leo umechujia ipi, ya kujifunga au ya kujitanda?" Watu wakacheka. Tangu hapo wateja wanampita na samaki wao mkononi, wanaenda kukaangiwa kwa wengine.

Siku hiyo alirudi nyumbani kabla ya adhuhuri, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akaniomba nimsomee, maana maandishi ya simu hayaoni vizuri. Nikasoma yote huku anachambua mchele.

"Wameandika mafuta yangu mabaya?"

"Hapana, mama."

"Wameandika mazuri?"

"Hawajaandika."

"Basi ni kilekile." Akaendelea kuchambua. "Yule dada yako nilimchotea kwa mkono wangu huu. Asikanyage tena hapa."

Sikumwambia kwamba aliyeandika ni mimi. Wala sikulia. Tangu siku ile naosha vyombo, nakula, nikiitwa naitika abee, lakini ni kama anayefanya hayo ni mtu mwingine. Juzi Dada R alimwamkia mama mdogo shikamoo, hakuitikiwa. Akaniuliza amemkosea nini mama. Nikasema sijui.

Sasa habari hiyo inachapishwa ibandikwe Feri wiki ijayo, na Dada R amenitumia niipitie. Naweza kuirudisha ile sentensi kimyakimya, wateja wakaisoma. Lakini mama mdogo ataendelea kumchukia Dada R kwa kosa langu. Nikisema ukweli, atajua kwamba aliyemfanyia hivi ni mimi, niliyesomeshwa kwa karai lake hilohilo la kukaangia. Sijui kama atanitazama tena.

Nimeshamwandikia barua mara nne. Kila nikiirudia kuisoma naona imekaa vizuri, inaliza, halafu naichana, kwa sababu hata ile habari ya mafuta ilikuwa imekaa vizuri. Na barua yenyewe nitatakiwa kumsomea mimi.

Ninyi wakubwa zangu mliowahi kumkosea mtu aliyewalea, naombeni mnielekeze. Nimwambie, au nirudishe sentensi ninyamaze? Na kama ni kumwambia, neno la kwanza kutamka ni lipi? Hilo tu ndilo sina.